Urudufishaji kati ya storeji mbili umebaki nyuma: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Urudufishaji, yaani kunakili data mfululizo kutoka storeji (mashine ya diski) ya kituo kikuu kwenda ya kituo cha dharura, ukiharibika, kila timu huwa na mshukiwa wake. Wa storeji anamtazama wa mtandao. Wa mtandao anasema laini iko safi. Msimamizi wa databesi anaapa hajabadilisha kitu tangu mwaka jana. Mara nyingi wote wanasema kweli, na tatizo bado lipo palepale. Kinachovunja mzunguko huo ni swali moja: data inasubiri wapi?

Tangu programu iandike bloku moja (kipande kidogo cha data) mpaka bloku hiyo itue kwenye diski za kituo cha dharura, kuna sehemu nne inakoweza kukwama. Ya kwanza ni storeji ya kituo kikuu, ya pili ni foleni ya kusafirishwa, ya tatu ni njiani, na ya nne ni storeji ya mbali iliyokwisha kupokea lakini haijamaliza kuandika. Ukijua ni ipi kati ya hizo, nusu ya kazi imekwisha.

Mfano nitakaoutumia ni kituo kikuu Dar es Salaam na kituo cha dharura Dodoma, karibu kilomita 450 kwa barabara. Aliye na Nairobi na Mombasa hatalazimika kubadilisha hesabu sana. Na nikiandika Mb ninamaanisha megabiti, MB ni megabaiti. Ugomvi mwingi kati ya watu wa storeji na watu wa mtandao huanzia hapo.

Kabla ya kugusa chochote

Jua kwanza mnatumia aina gani. Kwenye sinkroni, seva haipewi jibu kwamba data imeandikwa mpaka storeji ya mbali nayo ikiri kuipokea. Kwenye asinkroni, seva inajibiwa papo hapo na data inafuata baadaye. Njia ikiwa mbovu, sinkroni itawaumiza watumiaji mchana kweupe, ilhali asinkroni itakaa kimya huku ikibaki nyuma. Tatizo ni lile moja lakini malalamiko yatakuja kutoka kwa watu tofauti.

Kisha fungua grafu ya pengo, yaani tofauti ya muda kati ya data iliyopo kituo kikuu na ile iliyokamilika upande wa pili. Itazame ya siku 7, usiitazame ya saa moja iliyopita. Meno ya msumeno yanayolingana ni afya: storeji inayotuma kwa snapshoti (picha ya data ilivyo kwa wakati mmoja) kila dakika 15 lazima ionyeshe pengo likipanda hadi dakika 15 na ushee kisha likishuka. Kilima kinachojitokeza saa zilezile kila usiku ni kazi fulani iliyopangwa. Mstari unaopanda siku nenda siku rudi bila kushuka maana yake data inayozalishwa imezidi uwezo wa njia, na hakuna mpangilio wa storeji utakaolificha hilo. Ngazi ya ghafla, pengo lililokuwa dakika 2 likawa 20 na kuganda hapo, karibu kila mara ni njia iliyobadilika au mtu aliyeweka kikomo cha kasi akasahau kukiondoa.

Hakikisha pia storeji zote mbili zinafuata chanzo kimoja cha saa kwa NTP (itifaki ya kulinganisha saa za mitambo). Saa zikipishana, utakuwa unasoma pengo la uongo.

Dalili: jozi zinavunjika usiku, asubuhi zinarudi zenyewe

Jozi ni diski ya kituo kikuu na nakala yake ya upande wa pili; ikivunjika, urudufishaji kati yao umesimama. Hapa chukua kikokotoo kabla ya kumpigia mtu simu. Tuseme kazi ya kufunga siku inaanza saa 5 usiku na kuisha saa 8, na kwa saa hizo 3 inaandika GB 300. Hiyo ni kama MB 28 kwa sekunde. Njia mliyokodi ni ya Mb 100 kwa sekunde, ambayo kwa vitendo inabeba MB 11 hivi. Kila sekunde, MB 17 zinabaki kwenye foleni. Kama foleni ina nafasi ya GB 150, itajaa baada ya takriban saa 2 na nusu, yaani saa 7 na nusu usiku. Ukikuta kwenye logi jozi zilivunjika saa 7:25, siku ya pili saa 7:34, ya tatu saa 7:28, mwache fundi wa mtandao alale. Foleni imejaa kama hesabu inavyotaka.

Kila storeji ina tabia yake ikifika hapo. Hitachi Universal Replicator huweka foleni kwenye diski za pekee, na zikijaa jozi zinasimamishwa. SRDF/A ya Dell EMC hukusanya data kwa mizunguko ndani ya kashe (kumbukumbu ya haraka ya storeji) na inaweza kumwaga ziada kwenye diski kama hilo limewashwa. Lisipowashwa, kashe ikielemewa urudufishaji unaanguka. SnapMirror ya asinkroni ya NetApp haina foleni ya namna hiyo. Inalinganisha snapshoti mbili na kutuma tofauti, kwa hiyo yenyewe inachelewa tu, huku snapshoti zinazosubiri zikila nafasi kituo kikuu. Jambo hilo la mwisho lina hatari yake: mtu akibanwa na nafasi akafuta snapshoti ya zamani iliyokuwa ya pamoja kati ya pande mbili, storeji hazina tena mahali pa kuanzia kulinganisha, na itabidi nakala yote ianze upya. TB 20 kwenye laini ya Gb 1, kwa MB 110 kwa sekunde, ni zaidi ya saa 50. Kwenye laini ya Mb 100 ni wiki 3.

Wengi hukimbilia kuongeza foleni. Foleni kubwa zaidi itazuia jozi zisivunjike, lakini pengo litabaki lilelile. Kwenye mfano wetu, ikifika saa 8 usiku bado kuna GB 181 zinasubiri, na zitamalizika saa 12 na nusu asubuhi. Kama wakubwa wameambiwa kwamba maafa yakitokea mtapoteza data ya dakika 15 tu, ahadi hiyo haipo kila usiku kwa zaidi ya saa 7. Ni vema wajue.

Kinachofaa kufanywa kwanza ni kuuliza GB 300 hizo ni za nini. Ukikagua diski moja moja, mara nyingi utakuta vitu ambavyo havikupaswa kwenda Dodoma hata kidogo: eneo la swapu la seva (sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu), faili za muda za databesi, na bakapu ya usiku inayoandikwa kwenye diski ileile inayorudufishwa kabla ya kunakiliwa kwingine. Hiyo bakapu peke yake inaweza kuwa theluthi mbili ya mzigo. Itoe kwenye diski hizo na usiku utatulia. Kujenga upya faharasa, au kuendesha VACUUM FULL kwenye PostgreSQL, kunaandika upya faharasa nzima au jedwali zima hata kama hakuna taarifa mpya hata moja. Kazi hizo zipangwe kwa zamu, zisirundikwe Jumapili moja.

Kuna chanzo kingine kinachojificha vizuri. Njia ilikuwa inatosha kwa sababu kifaa cha mtandao kilikuwa kinabana data kwa uwiano wa 2 kwa 1. Kisha timu ya usalama ikawasha usimbaji fiche ndani ya databesi, jambo zuri kabisa. Data iliyosimbwa haibaniki. Mzigo wa njia unaongezeka mara mbili siku hiyohiyo, na hakuna aliyegusa storeji wala mtandao. Ukiona uwiano wa mbano umeshuka kutoka 2 hadi 1 kwa usiku mmoja, kaulize upande wa usalama.

Mwisho, baadhi ya storeji hufuatilia mabadiliko kwa vipande vikubwa. Databesi inabadilisha bloku ya KB 8, storeji inahesabu na kutuma kipande kizima cha KB 64 au zaidi. Ndiyo maana takwimu za uandishi zilizotolewa kwenye seva hazitoshi kupangia ukubwa wa njia. Pima kwenye storeji yenyewe.

Dalili: laini ina nafasi tele, kasi iko chini

Jamaa wa mtandao anakuonyesha grafu: laini ya Gb 1 imetumika asilimia 5. Anachoonyesha ni kweli. Data inasubiri, lakini haisubiri nafasi. Inasubiri majibu.

Kwa kila muunganisho, TCP, itifaki inayobeba data hii, hutuma kiasi fulani (ndilo dirisha lake) kisha inangoja upande wa pili ukiri kupokea. Kiasi hicho kikiwa KB 64 na safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 10, utatuma KB 64 mara 100 kwa sekunde: MB 6.5, sawa na Mb 52. Haijalishi mmenunua Gb 1 au 10. Ili kuijaza Gb 1 kwa milisekunde 10, lazima MB 1.25 ziwe njiani muda wote. Upanuzi wa dirisha la TCP umekuwepo tangu 1992 na storeji za leo zinautumia. Tatizo huwa ni kifaa cha katikati, kwa kawaida fayawoli yenye sera kali, kinachofuta chaguo hilo kwenye pakiti ya kwanza ya salamu, yaani ya kufungua muunganisho. Pande zote mbili zinadhani mwenzake hawezi, zinarudi KB 64, na hakuna kosa lolote linaloandikwa popote. Nasa pakiti za salamu upande wa Dar na upande wa Dodoma, linganisha. Kama chaguo la dirisha limeondoka kituo kikuu na halikufika, umempata mhusika.

Upotevu wa pakiti nao unauma kuliko unavyoonekana. Pakiti 1 ikipotea katika kila 1,000, kwa milisekunde 10 na pakiti za kawaida za baiti 1,500, TCP ya mtindo wa zamani hushindwa kuvuka kama Mb 45 kwa kila muunganisho. Asilimia 0.1 kwenye ripoti ya mtoa huduma inaitwa laini nzuri. Kwa urudufishaji si nzuri.

Hapa kuna kisa ninachokiona kila mara kwenye laini za kukodi. Mmenunua Mb 200, lakini poti mliyopewa ni ya Gb 1. Storeji inarusha data kwa kasi ya poti kwa milisekunde chache, kifaa cha mtoa huduma kinaona kikomo kimezidi na badala ya kuzipanga pakiti kinazitupa. TCP inashtuka na kurudi nyuma, inapanda tena, zinatupwa tena. Wastani unaganda kwenye Mb 70 au 80 na kila mtu anakuna kichwa. Weka kikomo ninyi wenyewe, kwenye ruta yenu au kwenye storeji, chini kidogo ya mlichonunua, tuseme Mb 190. Kupunguza kasi ili kuipata kunasikika kama kichekesho. Jaribu uone.

Kipimo cha haraka ni iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kati ya seva mbili zilizo kwenye mtandao uleule wa urudufishaji, kwanza kwa `-P 1` kisha `-P 8`. Muunganisho mmoja ukiwa mnyonge na minane kwa pamoja ikajaza laini, shida ni dirisha au upotevu mdogo, na storeji inayoruhusu kuongeza idadi ya miunganisho itakuokoa. Vyote viwili vikigota mahali pamoja, kuna kikomo njiani. Vyote vikiwa na kasi nzuri, rudi kwenye storeji: ama kuna kikomo cha kasi kilichowekwa wakati wa nakala ya kwanza, ama diski za Dodoma ndizo zilizoelemewa. Hili la mwisho hutokea zaidi ya watu wanavyokubali, kwa sababu bajeti ya kituo cha dharura hukatwa kwanza. Kituo kikuu kina flashi pekee, kule kuna diski za kuzunguka. Data inafika vizuri na kusubiri mlangoni. Usisahau kwamba iperf3 inakula njia ileile ya urudufishaji, kwa hiyo chagua saa.

Kama vituo viko mji mmoja na mnatumia Fibre Channel (mtandao maalumu wa storeji) moja kwa moja juu ya nyuzi za mwanga, mshukiwa ni krediti za poti, yaani vibali vya kutuma. Fibre Channel haitumi fremu (pakiti yake) mpaka iwe na krediti, na krediti hurudi fremu ikishapokelewa. Ni kama karai za zege zinazopokezanwa na vibarua hadi ghorofani: karai zikiwa 8 na mstari ukiwa mrefu, anayechanganya zege atakaa mikono mitupu huku karai tupu ziko njiani zinarudi. Kwa fremu zilizojaa, kadiria krediti 4 kwa kila kilomita kwenye kasi ya Gb 8, na 8 kwenye Gb 16. Kilomita 50 kwa Gb 8 zinataka krediti 200, na fremu zikiwa ndogo zinataka zaidi. Kwenye swichi za Brocade, `portstatsshow` ina kihesabu kiitwacho tim_txcrd_z. Kikipanda kwa kasi kwenye poti ya masafa marefu, poti inakaa bure ikisubiri krediti. Jambo la kushangaza kwa wageni: kuongeza kasi ya poti kutoka Gb 8 kwenda 16 bila kuongeza krediti hakuongezi chochote.

Dalili: jozi inaunganika, kisha nakala inakwama palepale

Salamu zimepita, hali inasomeka kwamba mmeunganishwa, mnaanza nakala ya kwanza na inabaki asilimia 0. Baada ya dakika kadhaa inakatika, inaunganika, inakatika. Pakiti ndogo zinapita, kubwa hazipiti.

Kutoka seva iliyo kwenye mtandao wa storeji, tuma hivi: `ping -M do -s 8972` kuelekea anwani ya upande wa pili. Namba 8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa. Ikishindwa, jaribu 1472. Hii nayo ikishindwa, teremka taratibu mpaka ipite. Mara nyingi itapita kwenye 1400 na kitu, kwa sababu handaki la IPsec (njia iliyosimbwa) au kifaa cha mtoa huduma kimekula baiti kadhaa. Storeji imewekwa kwa pakiti za 9000 pande zote mbili, swichi zote mbili ziko sawa, lakini katikati kuna sehemu moja tu isiyokubali, na fayawoli imefunga ujumbe wa ICMP (taarifa za hitilafu za mtandao) ambao ungewaambia. Weka storeji kwenye 1500 au chini yake, nakala ianze, ndipo muanze kubishana na mtoa huduma kuhusu 9000. Faida ya pakiti kubwa kwenye laini ya Mb 200 haistahili wiki nzima ya vikao.

Kama hata salamu haipiti, angalia poti za fayawoli (SnapMirror hutumia TCP 11104 na 11105 kati ya klasta), kisha tarehe ya mwisho ya vyeti vya usalama. Vyeti huisha usiku wa manane na huwa havimwambii mtu.

Dalili: programu za kituo kikuu zimekuwa nzito

Hii ni ya sinkroni. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za nyuzi huongeza milisekunde 1 ya kwenda na kurudi, na hakuna mtu wa mauzo anayeweza kukupunguzia. Nyuzi nazo hazifuati barabara kwa unyoofu. Tuseme Dar na Dodoma mnapata milisekunde 6. Uandishi wa kawaida wa SCSI (lugha ya seva na diski) juu ya Fibre Channel hufanya safari mbili: ya kwanza kuomba ruhusa, ya pili kupeleka data. Hapo ni milisekunde 12, juu ya nusu milisekunde ya storeji ya nyumbani. Kazi inayothibitisha muamala mmoja baada ya mwingine kwa mfuatano haitavuka miamala 80 kwa sekunde. Watumiaji 200 wanaofanya kazi kwa pamoja wanaweza wasilalamike sana, lakini kazi ya kufunga mwezi inayokwenda kwa mstari mmoja itakesha.

Storeji na vifaa vingi vya FCIP (vinavyopitisha Fibre Channel juu ya mtandao wa IP) vina uwezo wa kufanya safari moja badala ya mbili. Hakikisha umewashwa pande zote. Baada ya hapo, kwa umbali huu, maoni yangu ni mafupi: hamieni asinkroni. Kama biashara haikubali kupoteza hata muamala mmoja, weka storeji ya sinkroni karibu, ndani ya makumi ya kilomita, na asinkroni kwenda mbali. Karibu isiwe kiwanja kimoja. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la SBG2 la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya SBG1 lililokuwa eneo hilohilo. Waliokuwa na nakala ya pili palepale walijikuta hawana ya pili.

Kama uzito umeanza ghafla bila kuwasha kitu kipya, pima ping na ulinganishe na ya mwezi uliopita. Wachimba barabara wamekata nyuzi, mtoa huduma amehamishia data njia ya mzunguko, laini haikuzimika hata sekunde moja kwa hiyo hakuna tahadhari iliyolia. Milisekunde 6 zimekuwa 19. Weka kumbukumbu ya muda wa kwenda na kurudi kila dakika, miaka yote. Ni faili dogo na ndilo litakalomaliza ubishi. Kwa wanaorudufisha kwenda nje ya nchi mizunguko huwa mirefu zaidi: Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu kwa pamoja, Tanzania, Kenya na majirani kadhaa waliisikia.

Na ikiwa programu hazijawa nzito bali zimesimama kabisa dakika ileile laini ilipokatika, tazama sera ya uandishi ya jozi. Kuna mpangilio unaoiambia storeji ya kituo kikuu ikatae kuandika ikiwa haiwezi kurudufisha. Hitachi wanauita fence level data, SRDF wanauita domino. Kuna taasisi zinazouhitaji kweli. Wengi wanao kwa sababu aliyesimika alichagua kinachosikika salama.

Dalili: taa zote kijani, databesi haifunguki

Hii ndiyo inayonitisha, kwa sababu hujitokeza siku ya majaribio au siku ya maafa yenyewe, hakuna siku nyingine. Jozi zote zinasomeka ziko sawa. Mmekata, mmewasha PostgreSQL Dodoma, nayo inajibu:

`PANIC: could not locate a valid checkpoint record`

Storeji haikudanganya: kila diski, peke yake, ni nakala sahihi ya mwenzake. Lakini databesi haiishi kwenye diski moja. Inaandika logi (kumbukumbu ya kila badiliko) kwanza na data baadaye, na usalama wake wote unategemea mfuatano huo. Kama logi ziko kwenye diski moja na data kwenye nyingine, na kila diski inarudufishwa kivyake, upande wa pili utapata data ya saa 4:10 na logi ya saa 4:09. Diski hizo lazima ziwe kwenye kundi moja linalolinda mfuatano wa uandishi, ambalo moja ikikwama zote zinakwama kwa pamoja. Maafa hayaji kwa pigo moja. Njia moja inakufa saa 4:09, nyingine inaendelea mpaka 4:12 jenereta inapozima, na dakika 3 hizo zinatosha kuharibu nakala ambayo haikuwa kwenye kundi.

Kwa hiyo orodhesha kila diski inayotumiwa na databesi, kutoka upande wa seva, si kutoka upande wa storeji. Linganisha na wanachama wa kundi. Tofauti unayoitafuta huwa ni diski moja: ile iliyoongezwa Ijumaa jioni nafasi ilipoisha. Msimamizi wa databesi aliomba GB 500, akapewa, akaongeza faili, akaenda nyumbani. Hakuna aliyeiingiza kwenye urudufishaji. Tangu siku hiyo kituo cha dharura kina databesi isiyo na mguu mmoja, na taa ni kijani, kwa kuwa diski zilizomo kwenye kundi ziko sawa kabisa. Jirani wa tatizo hili ni diski iliyoongezwa ukubwa upande mmoja tu, ila huyu angalau hupiga kelele.

Halafu kuna kipindi cha kusawazisha tena. Laini ilikatika saa 6, imerudi, storeji inatuma bloku zilizobadilika. Inazituma kwa mpangilio wa anwani, si kwa mpangilio wa muda. Mpaka imalize, nakala ya Dodoma ni mchanganyiko wa zamani na mpya ambao databesi yoyote itaukataa. Kituo kikuu kikiungua katikati ya hapo, hamna kitu. Kinga yake ni nafuu: kabla ya kuruhusu usawazishaji uanze, piga snapshoti upande wa Dodoma. Itakuwa ya saa 6, lakini itafunguka. Storeji nyingi zinaweza kufanya hivyo zenyewe, na mara nyingi utakuta mpangilio huo umezimwa.

Snapshoti hizo zina kazi nyingine pia. Mtu akifuta jedwali au virusi vya kudai fidia vikasimba faili, urudufishaji utapeleka uharibifu huo Dodoma kwa uaminifu mkubwa, ndani ya sekunde. Bakapu bado inahitajika.

Dalili: siku ya kuhamia, seva za Dodoma hazioni diski

Hapa nitapita haraka, maana vyanzo ni vilevile. Diski ya upande wa pili inasomeka tu, haiandikiki, mpaka jozi ivunjwe au mwelekeo ugeuzwe. Seva haijaunganishwa na diski kwenye storeji, au zoni za swichi (orodha ya nani aruhusiwe kumwona nani) zina WWN, yaani kitambulisho, ya kadi iliyobadilishwa mwaka juzi. Kwenye VMware, diski inaonekana lakini hifadhi yake haitokei kwenye orodha: mfumo umeitambua kuwa ni nakala na umekataa kuifungua hadi uamue, `esxcli storage vmfs snapshot list` itakuonyesha. Kwenye Linux, ukifungua nakala kwa majaribio kwenye seva inayoona pia ya asili, LVM (kisimamizi cha diski cha Linux) itagoma kwa vitambulisho vinavyofanana, tumia `vgimportclone`. Na baada ya yote hayo kupita, programu inatafuta databesi kwa anwani ya IP ya Dar iliyoandikwa ndani ya faili la mipangilio.

Dalili: pande zote mbili zimeandikwa

Laini ilikatika, Dodoma ikadhani Dar imekufa, ikachukua usukani, na Dar ilikuwa hai muda wote. Sasa kuna miamala halali pande zote mbili. Usibonyeze kusawazisha. Simamisha programu pande zote, piga snapshoti pande zote, kisha wenye biashara, na si wewe, waamue upande upi ubaki na nini kitolewe kwa mkono kutoka upande mwingine. Kitufe cha kusawazisha kina mwelekeo, na kikielekezwa kinyume kinafuta kituo kizima kwa muda mfupi kuliko wa kusoma onyo lake. Soma jina la chanzo na jina la mlengwa kwa sauti, mwenzako akikusikiliza. Ili yasijirudie, shahidi anayeamua nani yuko hai awe mahali pa tatu, kwa njia isiyopita kwenye laini ileile. Shahidi aliyewekwa kwenye rafu moja na storeji ya Dar ataondoka nayo.

Ukilazimika kumwita mtengenezaji

Atakuuliza logi, na kama umechukua za upande mmoja utarudishwa. Chukua za storeji zote mbili ndani ya dakika zilezile, pamoja na za swichi au vifaa vya FCIP. Futa vihesabu vya poti kwanza, subiri saa moja tatizo likiwa hai, ndipo usome. Kihesabu kilichojikusanya miaka miwili hakimwambii mtu chochote. Ambatisha grafu ya pengo ya siku 7, kumbukumbu ya ping, matokeo ya iperf3 ya muunganisho mmoja na ya minane, kiasi kinachoandikwa kwa saa kilichopimwa kwenye storeji, na matoleo ya programu za pande zote mbili, kwa sababu jibu la kwanza mara nyingi huwa ni kuhuisha toleo. Kabla ya kukubali kuhuisha, uliza ni upande upi unaotangulia. Kwa aina kadhaa za urudufishaji, mlengwa akiwa na toleo la zamani kuliko chanzo, jozi haiunganiki tena mpaka naye ahuishwe.